Wangari Maathai: profesa aliyefungiwa mlango na chuo kikuu chake

Watu wengi mashariki mwa Congo wakisikia jina la Wangari Maathai wanakumbuka mambo mawili: miti, na Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004. Ni kweli. Lakini kabla ya Nobel, mama huyu wa Kenya alikuwa mtu wa chuo kikuu kwa miaka 16. Tena somo lake halikuwa kilimo wala misitu. Alifundisha anatomia ya mifugo, yaani jinsi mwili wa ng'ombe na wanyama wengine ulivyoundwa kwa ndani. Ni ng'ombe waliomfikisha mtoni, mto ukamfikisha kwenye mti, na mti ukamfikisha mpaka kwenye msitu wa Congo.

Historia hiyo inafaa isimuliwe polepole, kwa sababu ndani yake kuna swali ambalo vyuo vikuu vya Afrika, pamoja na vile vya Congo, havijamaliza kulijibu: elimu ya mazingira ni mali ya nani, ya mwenye diploma au ya mwenye jembe?

Mtoto wa Ihithe

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, karibu na mji wa Nyeri, kwenye milima ya kati ya Kenya. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Waingereza. Wasichana waliopelekwa shule walikuwa wachache. Yeye alipata bahati kwa sababu kaka yake Nderitu aliuliza nyumbani kwa nini Wangari hasomi kama wao, na mama yao akakubali aende.

Karibu na nyumba yao palikuwa na mkuyu mkubwa, mti ambao Wakikuyu wanauita mugumo. Mama yake alimkataza kuokota kuni chini ya mti huo, kwani ulikuwa mti wa Mungu. Karibu na mizizi yake palibubujika chemchemi, na mtoto Wangari alikuwa akicheza majini akijaribu kuokota mayai ya vyura. Miaka mingi baadaye, akiwa amesoma na kurudi, alikuta mkuyu umekatwa na chemchemi imekauka. Hapo ndipo alipoelewa kwamba katazo la wazee lilikuwa na kazi yake: mizizi ya mti ule ilikuwa inashika udongo na kuyapandisha maji juu. Wazee walilisema jambo hilo kwa lugha ya imani, na sayansi ikaja kulisema kwa lugha yake. Maji yalikuwa yale yale.

Barua ya kazi isiyo na kazi

Mwaka 1960 Wangari alikuwa mmoja wa mamia ya vijana wa Kenya waliopelekwa kusoma Marekani katika mpango uliosaidiwa na familia ya Kennedy. Alisoma biolojia katika chuo cha masista huko Atchison, jimbo la Kansas, akamaliza mwaka 1964. Kisha akafanya shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Pittsburgh ulikuwa mji wa viwanda vya chuma, mji wa moshi, jambo ambalo mkaaji wa Lubumbashi aliyekulia chini ya bomba la Gécamines hana haja ya kuelezwa. Lakini Wangari alikuta wakaaji wa mji huo wakidai hewa isafishwe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona watu wakijaribu kurudisha mazingira yaliyoharibika.

Mwanzoni mwa 1966 alirudi Nairobi na barua mkononi. Barua ilisema ameajiriwa kuwa msaidizi wa utafiti kwa profesa wa zuolojia katika chuo kikuu. Alipofika kuripoti, aliambiwa nafasi imekwisha kupewa mtu mwingine. Baadaye alieleza kwamba aliamini sababu zilikuwa mbili, kwamba yeye ni mwanamke na kwamba ni wa kabila lisilotakiwa pale.

Aliyemfungulia mlango mwingine alikuwa Mjerumani, Profesa Reinhold Hofmann wa Chuo Kikuu cha Giessen, aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia katika kitivo cha tiba ya mifugo mjini Nairobi. Alimpa kazi ya usaidizi wa utafiti. Mwaka 1967 Wangari akaenda Ujerumani, Giessen na Munich, kuendelea na utafiti wake. Mwaka 1969 alirudi Nairobi akiwa mwalimu msaidizi, ile ngazi ambayo huku Congo watu wa chuo wanaiita asistenti. Mwaka 1971 alipata udaktari wa falsafa katika chuo kikuu cha Nairobi. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuupata.

Baada ya hapo alipanda ngazi moja baada ya nyingine: mhadhiri mwandamizi mwaka 1974, mkuu wa idara ya anatomia ya mifugo mwaka 1976, profesa mshiriki mwaka 1977. Katika chuo kikuu hicho hakuna mwanamke aliyekuwa amefika kwenye ngazi hizo kabla yake.

Kupanda cheo hakukumnyamazisha. Pamoja na mwenzake Vertistine Mbaya, mhadhiri wa biokemia, alidai wanawake walimu wapate haki sawa na wanaume. Wakati huo mwanamke mwenye mume alihesabiwa kuwa mtu wa kutunzwa na mumewe, hata kama darasani alifanya kazi ile ile, na hivyo hakupata haki za nyumba kama wenzake wanaume. Walijaribu hata kugeuza chama cha walimu kiwe chama cha wafanyakazi chenye nguvu ya kisheria. Mahakama ilikataa. Miaka ilipopita, mengi ya yale waliyodai yalikubaliwa. Lakini jina la Wangari lilikuwa limekwisha andikwa kwenye orodha ya wasumbufu.

Kupe, ng'ombe na mto

Kazi ya utafiti ndiyo iliyombadilisha. Katika miaka ya 70 alichunguza ugonjwa wa ndigana kali, unaoletwa na kupe na kuua ng'ombe wengi, hasa wale wa kigeni na wa mchanganyiko. Ili kupata kupe ilimpasa kutoka nje ya maabara, kwenda vijijini kuzunguka Nairobi na kuwatoa kupe kwenye masikio ya ng'ombe.

Huko aliona mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango wa utafiti wake. Ng'ombe walikuwa wamekonda mpaka mbavu zinahesabika. Nyasi zilikuwa chache. Mvua iliponyesha, mito ilishuka ikiwa na rangi ya udongo. Alipotembelea kwao Nyeri aliona mambo yale yale: misitu ya asili imeondolewa, mahali pake pamewekwa mashamba ya chai na kahawa na miti ya biashara.

Mtafiti mwingine angeandika ripoti yake juu ya kupe na kufunga daftari. Wangari alijiuliza kama adui mkubwa wa ng'ombe ni kupe kweli, au ni ardhi inayokufa chini ya kwato zake. Wakati huo huo alikuwa akishiriki katika Baraza la Taifa la Wanawake la Kenya. Katika mikutano yake wanawake wa vijijini walieleza shida zao, na shida hizo zilifanana: kuni ziko mbali, maji safi hayapatikani, chakula hakitoshi, mifugo haina malisho. Mwanamke aliyekosa kuni alipika vyakula vinavyoiva upesi, hata kama havina nguvu mwilini, na watoto wakadhoofika. Mwalimu wa anatomia akaona kwamba mambo hayo yote yameungana kama viungo vya mwili mmoja. Jibu lake lilikuwa fupi: kwa nini wasipande miti?

Miti saba, kisha milioni

Jaribio la kwanza halikufaulu. Alianzisha kampuni ndogo ya kuajiri watu masikini wapande miti, fedha zikakosekana, na miche mingi ikafa kwa kukosa maji. Hakuacha. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, yeye na wenzake wa Baraza la Wanawake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, kila mti kwa kumbukumbu ya kiongozi mmoja wa kale wa makabila ya Kenya. Hapo ndipo lilipozaliwa lile lililokuja kuitwa Harakati ya Ukanda wa Kijani.

Mwanzoni wanawake walielekezwa kwa wataalamu wa misitu wa serikali wafundishwe kupanda. Wataalamu walisema mengi juu ya miteremko, aina za udongo na vipimo. Wanawake walitoka humo wamechanganyikiwa. Wapo waliosema wazi kwamba kazi hiyo inahitaji watu wenye diploma. Wangari, ambaye alikuwa na diploma kuliko karibu wote waliokuwa wakimsikiliza, aliwaambia wanawake watumie akili zao za shambani: wachunguze ni lini miti ya asili inaangusha mbegu, waziokote, wazioteshe kama wanavyootesha maharagwe na mahindi, hata kwenye makopo na vyungu vilivyovunjika. Ndivyo walivyofanya, na ndipo wakaanza kuitwa wataalamu wa misitu wasio na diploma.

Kulikuwa pia na utaratibu wa malipo, na hapa ndipo utafiti wake ulipoonekana. Mwanamke hakulipwa kwa mti aliopanda. Alilipwa fedha kidogo, senti chache tu, kwa mti uliokuwa bado hai baada ya miezi kadhaa. Yeyote aliyeona sherehe za kupanda miti anaelewa tofauti hiyo. Mkubwa anafika na msafara, anachimba, anapigwa picha, anaondoka. Wiki inayofuata mbuzi wamemaliza kazi. Harakati ya Wangari ilihesabu miti iliyoishi. Mwaka 2004, alipopewa Nobel, hesabu ilikuwa imepita milioni 30.

Mlango unafungwa

Mwaka 1982 kilibaki kiti kimoja wazi bungeni, cha huko kwao Nyeri, na Wangari akaamua kugombea. Sheria ilimtaka aache kwanza kazi ya chuo kikuu. Akaandika barua ya kujiuzulu. Muda mfupi baadaye wakubwa wa uchaguzi wakasema hawezi kugombea, kwa kuwa hakujiandikisha upya kama mpiga kura katika uchaguzi wa 1979. Alikwenda mahakamani, akashindwa.

Alirudi chuo kikuu kuomba kazi yake. Barua ya kujiuzulu ilikuwa bado mbichi, lakini aliambiwa nafasi yake imekwisha jazwa. Nyumba aliyokuwa akiishi ilikuwa ya chuo, kwa hiyo akatakiwa kuihama. Miaka michache kabla ya hapo ndoa yake ilikuwa imevunjika mahakamani, mbele ya magazeti. Sasa, akiwa na miaka 42 na watoto watatu, alikuwa hana kazi, hana mshahara, hana pensheni. Miaka 16 ikaisha hivyo.

Alihamia nyumba ndogo aliyokuwa amejinunulia zamani mtaa wa South C, akaweka nguvu zake zote kwenye miche na wanawake wake. Msaada kutoka Norway na kwa Umoja wa Mataifa uliiwezesha harakati kuwa kubwa. Inaweza kusemwa kwamba Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoteza mkuu wa idara, na vijiji vya Kenya vikampata mwalimu wa kudumu.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 ambalo chama tawala kilitaka kulisimamisha ndani ya bustani ya Uhuru katikati ya Nairobi. Alitukanwa bungeni, harakati yake ikafukuzwa kwenye ofisi za serikali, lakini jengo halikujengwa. Mwezi Januari 1999 alipigwa na walinzi mpaka akavuja damu kichwani alipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, uliokuwa ukigawiwa wakubwa kimya kimya. Baada ya hapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliingia barabarani kumuunga mkono na kupambana na polisi. Miaka 17 baada ya chuo kumtoa, wanafunzi wake walikuwa bado wanamsikiliza. Mwezi Agosti mwaka huo Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Karura ipo mpaka leo.

Brazzaville, mwaka 2005

Congo inaingia katika historia hii miezi michache baada ya Nobel. Mwezi Februari 2005 marais wa Afrika ya kati walikutana Brazzaville na kutia sahihi mkataba wa kulinda na kutunza kwa pamoja misitu ya bonde la Congo. Walihitaji mtu wa kuusemea msitu huo duniani, wakamteua Wangari Maathai kuwa balozi wa hiari wa misitu ya bonde la Congo.

Haikuwa heshima ya jina tu. Msitu wa bonde la Congo ni wa pili kwa ukubwa duniani kati ya misitu ya joto, baada ya ule wa Amazon, na sehemu yake kubwa kuliko zote iko katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Wangari alizunguka miji mikuu ya Ulaya akieleza kwamba mvua za nchi nyingi za Afrika zinahusiana na msitu huo, na kwamba haiwezekani kuwaambia watu masikini walinde mti bila kuwasaidia wapate cha kuishi. Mwezi Juni 2008, mjini London, ukazinduliwa Mfuko wa Misitu ya Bonde la Congo, ambao Uingereza na Norway ziliahidi kuuwekea paundi milioni 100, chini ya Benki ya Maendeleo ya Afrika. Wenyekiti wake wawili walikuwa Paul Martin, aliyekuwa waziri mkuu wa Kanada, na Wangari Maathai. Katika kitabu chake cha mwaka 2009 juu ya changamoto za Afrika, aliitengea misitu ya Congo sura nzima.

Alikuwa na haki ya kulizungumzia jambo hilo. Mama wa Goma anayenunua gunia la makala kupikia, huku sehemu ya makala hayo ikitoka kwenye miti ya Virunga, ana shida ile ile waliyoieleza mama wa Nyeri katika miaka ya 70. Nishati ya kupikia ikikosekana, chakula kinakosekana. Miti ikiisha mlimani, udongo unashuka na mvua. Wangari alianza na kuni za mwanamke mmoja mmoja, na hata alipokaa na mawaziri hakuziacha.

Kurudi Kabete

Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Harakati ya Ukanda wa Kijani, kilianzisha Taasisi ya Wangari Maathai ya Masomo ya Amani na Mazingira. Iliwekwa Upper Kabete, kwenye kampasi ya kilimo na tiba ya mifugo. Yaani chuo kilichomwambia mwaka 1982 kwamba hana nafasi kiliandika jina lake juu ya mlango. Nia ya taasisi hiyo ilikuwa ile aliyoitaka siku zote: mwanafunzi wa shahada asome na pia achafue mikono, atoke darasani aende kwa mkulima, arudi na swali jipya.

Hakuishi kuiona ikikua. Alifariki kwa kansa Nairobi tarehe 25 Septemba 2011, akiwa na miaka 71. Alikuwa ameagiza kwamba mti usikatwe kwa ajili ya jeneza lake. Basi jeneza likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu ya majini. Serikali ya Kenya ilimpa mazishi ya taifa, na ibada ikafanyika katika bustani ya Uhuru, ile ile aliyoiokoa. Mwili wake ulichomwa kama alivyotaka, na majivu yake yakazikwa Kabete, kwenye taasisi yenye jina lake. Mwalimu aliyehamishwa kwenye nyumba ya chuo akawa amerudi kwenye ardhi ya chuo kwa namna ambayo hakuna barua inayoweza kumhamisha tena.

Swali kwa vyuo vya Congo

Congo ina vyuo vikuu vyenye watu wa sayansi ya mimea, udongo na wanyama. Kisangani iko ndani ya msitu wenyewe. Lubumbashi iko ndani ya miombo na vumbi la migodi. Goma na Bukavu ziko kando ya hifadhi ambazo dunia nzima inazijua. Kila mwaka wanafunzi wanatetea kazi zao za mwisho juu ya mmomonyoko, juu ya makala, juu ya maji machafu, kisha kurasa hizo zinawekwa kabatini.

Maisha ya Wangari yanaonyesha mambo mawili kwa pamoja. Bila chuo kikuu asingejua kusoma mto wenye udongo kama daktari anavyosoma damu, wala asingejua kwamba kilicho hai ndicho cha kuhesabiwa. Lakini kama angebaki ndani ya maabara tu, angekufa profesa wa kupe, na Karura ingekuwa majumba. Chuo kilimpa macho. Wanawake wa vijijini, ambao hawakuwa na cheti hata kimoja, ndio waliompa mikono.

Kwa hiyo mkuu wa chuo anayetaka kumheshimu Wangari Maathai haimlazimu kwanza kujenga sanamu. Afungue kabati la kazi za mwisho, achague moja inayohusu kijiji kilicho karibu, amwite aliyeiandika, waende pamoja mpaka kwa wanawake wa kijiji hicho. Baada ya miezi sita warudi kuhesabu miti ambayo bado iko hai.